Uzi Mmoja wa Gitaa Lako

Malindi,
Jumatano, mwishoni mwa Shaabani.

Kwa kaka yangu Mbwana,
Tanga.

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta umekaa barazani na chai yako ya tangawizi, na kwamba shemeji Zuhura hajachoka nawe. Mama hali yake ipi? Magoti yanamruhusu kwenda kisomoni, au bado anasomea kitandani? Mimi mwili wangu ni mzima. Hayo mengine utayasoma, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata. Pale uliposema vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, vimeanza kukunjika, nimepasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Miaka minne mkono ule umelala mapajani mwako, na kila aliyekuja kukutazama alikuambia utapona huku akitazama pembeni. Sasa umekunja vidole. Nililia, kaka, na hakikuwa kilio cha furaha peke yake, kwa sababu mstari unaofuata uliandika kwa herufi kubwa: IDI HII UJE NA GITAA LANGU, NATAKA KUJARIBU.

Kaka, gitaa lako nimelivunja.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza nilisema limeibiwa. Ya pili nilisema limeanguka kwenye feri ya Kilifi, na nikaeleza hadi watu walivyopiga kelele. Zote nimezichana. Ningekuambia limeibiwa ungekaa ukingoja lipatikane, na sitaki ungoje. Lilivunjika Jumapili, wiki mbili zilizopita, na barua yako ikanifikia Jumanne yake. Siku mbili tu. Ingetangulia, lingekuwa salama, maana nisingeligusa hata kwa kitambaa cha kulifutia.

Nianze pale panapostahili. Unajua kwamba tangu mpaka wa Kenya ufunguliwe nikaja huku, kazi yangu imekuwa ile ile ya hoteli ya ufukweni, kupiga muziki wakati wa chakula cha mchana na chai ya alasiri. Tulikuwa watano. Mwaka huu tukaletewa meneja mpya, mtu wa bara, mpole, hapandishi sauti. Yeye ndiye aliyenunua kinanda cha umeme. Kina ngoma ndani yake, kina tarumbeta, na mkono wa kushoto wa mpigaji unatoa besi. Mpiga ngoma wetu aliondoka mwezi wa kwanza, wa tarumbeta mwezi uliofuata. Tukabaki watatu: mpiga kinanda, mwimbaji, na mimi na gitaa lako la besi. Meneja akaniambia, kwa upole wake ule, "Besi yako siisikii vizuri, bwana. Imezama. Wageni wa siku hizi wanataka sauti safi. Jumapili nitakaa nisikilize, kisha tutaona." Nikamwambia sawa. Ningesema nini kingine?

Kitu kingine sijapata kukuambia. Kidole changu cha pete, cha mkono wa kushoto, kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Nikimaliza kupiga nilikuwa nakitia kinywani nikikiuma nione kama nasikia. Siku nyingine nilisikia, siku nyingine sikusikia. Nilikuwa nikikumbuka asubuhi ile maradhi yako yalipoanza, kikombe kilipokuponyoka mbele ya mama, ukakitazama pale chini kana kwamba si chako. Niliogopa, kaka. Sikumwambia mtu ila Karisa.

Karisa ni mpiga besi wa hoteli ya jirani. Ni Mgiriama, kwao Adu, huko ndani ambako wanalima mahindi na kuomba mvua. Ni mrefu, ana maneno mengi, na anacheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza. Hapa Malindi wapiga besi tunaofahamiana ni sisi wawili tu, kwa hiyo tukionana tunazungumza mambo ambayo hata wake zetu, tungekuwa nao, wasingeyavumilia. Uzi gani, umekaa muda gani, umefungwa wapi, unapiga na nini. Alhamisi kabla ya Jumapili ile tulikaa nyuma ya soko kwenye kibanda cha chai, magitaa yote mawili mezani, na mwenye kibanda akalalamika kwamba tumemzibia wateja.

Lake ni la Kijapani, shingo fupi, jepesi, mtu aweza kulivaa kutwa nzima. Nyuzi zake zimezungushiwa waya wa duara, ukipitisha kidole zinakwaruza, na sauti inatoka kali, unaisikia hata watu wakigonga vijiko. Lako alilipima mkononi akapiga mluzi. Shingo ndefu, uzito ule wa kuvunja bega, na nyuzi zako zile zile za utepe bapa, laini, ulizozifunga kabla sijabalehe. Alipiga kwa vidole viwili kama kawaida yake, kisha nikamwonyesha kupiga kwa dole gumba, kama ulivyonifundisha. Akainamisha sikio karibu na mti wa gitaa.

"Mwenehu," akasema, ndivyo wanavyoitana kwao ndugu kwa ndugu, "hili lako lazungumza kama mtu mzima. Langu lapiga kelele tu."

Nikamwambia, "Lakini meneja anataka kelele."

Akacheka. Kisha akashika shingo, akaijaribu, uso ukambadilika. "Wewe wapiga gitaa ama wapanda ngazi? Hizi nyuzi ziko juu. Ndiyo maana kidole chako chafa."

Huku wana desturi ya kupima urefu wa nyuzi kwa sarafu. Unaiingiza kati ya uzi na chuma cha kumi na mbili katika vile vijichuma vinavyokata shingo. Kwake iliingia shilingi moja, tena kwa kubembelezwa. Kwangu ziliingia tatu, moja juu ya nyingine, na zikacheza. Shingo ya gitaa lako ilikuwa imepinda mbele, kaka. Kwa unyevu wa bahari, nadhani, na kwa kutundikwa miaka yote ukutani kwenye joto. Nilikuwa nikibonyeza kila sauti kwa nguvu za watu wawili na kudhani ni ugonjwa.

Ningeondoka pale na furaha hiyo tu, kwamba sina ugonjwa wako, ingenitosha. Lakini nilikuwa na Jumapili kichwani. Nikamuuliza afanyaje nyuzi zake zing'are vile. Akaniambia kila mwezi anazifungua, anazichemsha kwenye sufuria kwa robo saa, anazikausha, anazifunga tena. Na shingo? Akanionyesha tundu kichwani mwa gitaa lako, pale kwenye kile kifuniko kidogo chenye skrubu mbili. Ndani mna chuma kinachopita shingo nzima, na kwenye ncha yake mna nati. Ukiikaza, shingo inanyooka na nyuzi zinashuka.

"Ila haraka hapana," akasema. "Robo ya mzunguko, ulaze. Kesho robo nyingine. Mti wataka kuzoea. Mimi langu lilichukua wiki mbili."

Aliniambia, kaka. Nataka ujue kwamba aliniambia. Akaniazima na spana.

Nawe uliniambia. Siku uliyonipa gitaa lile, mkono wako tayari umelala, ulinishika kwa ule mzima ukasema nyuzi zile nisizibadilishe wala kuzichezea, kwamba nyuzi za utepe hazichakai, zinaiva. Nilikuitikia. Miaka minne nilitii, na Jumamosi ile asubuhi nikazifungua zote.

Nilichukua sufuria ya Bi Rukia, mwenye nyumba ninapopanga, nikateka maji kisimani uani. Nyuzi tatu nilizikunja nikazitia. Ule wa nne, mnene, ulikataa kukunjika, na nikiuangalia pale ulipolika kidogo kwa dole gumba lako moyo ukagoma. Nikauweka kando. Hizo tatu nilizichemsha robo saa kamili, nikazitoa zinang'aa, nikajisifu. Bi Rukia alirudi kutoka sokoni akakuta mvuke, akatazama ndani ya sufuria yake.

"Wapika nini, mwanangu?"

"Nyuzi za gitaa, bibi."

"Kwa maji haya ya kisima?" Akachovya kidole, akaonja, akatema. "Maji haya ni chumvi tupu. Sisi hata kanga hatufulii, povu halitoki. Twatumia ya mfereji. Si ungeniuliza."

Kisima kile naogea kila siku, kaka. Chumvi yake naijua, inabaki kwenye nyusi. Lakini nilidhani maji yakishachemka yamechemka, hayana ubaya tena. Na Karisa kwao Adu wanakinga maji ya mvua, hajapata kuchemsha nyuzi kwa maji mengine, kwa hiyo hakuona haja ya kusema. Nilizisuuza kwa maji ya mfereji, mitungi miwili, nikazifuta moja moja. Nilikuwa nimechelewa. Chumvi ilikuwa imeingia chini ya utepe ambako kitambaa hakifiki.

Basi nikatulia? Hapana. Nilipoharibu kimoja nikataka kufidia kwa kingine. Nikakaa kitandani, nikafungua kifuniko, nikakaza nati robo ya mzunguko kama alivyosema Karisa. Nikafunga nyuzi, nikapima: shilingi tatu. Nikakaza robo nyingine. Bado tatu, ila zimebanana. Ilikuwa mchana wa Jumamosi na kesho yake meneja anakaa kusikiliza. Wiki mbili ningezipata wapi? Nikakaza tena. Kwenye mzunguko wa pili mti ulilia. Mlio mdogo tu, kutoka ndani, kama bawaba. Nilisimamisha mkono. Nakumbuka kabisa kwamba nilisimamisha mkono, nikasikiliza, nikasema moyoni ni shingo inanyooka. Nikaendelea.

Alasiri iliingia shilingi moja. Nilipiga mpaka Bi Rukia akanigongea ukuta, na kidole cha pete hakikufa ganzi. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tangu nije Malindi. Nilipanga kukuandikia, nikueleze jinsi nilivyolitengeneza gitaa lako, na nilikuwa nimeshapata maneno ya kuanzia.

Jumapili asubuhi nyuzi tatu zilikuwa na wekundu wa kutu. Nilizifuta kwa mafuta ya nazi, nikaenda. Wageni walikuwa wengi, Wataliano na watoto wao, na meneja alikaa meza ya karibu akiwa na glasi ya maji ya ndimu. Wimbo wa kwanza sauti ilikwaruza, si kwa uzuri wa Karisa, kwa ubaya wa kutu. Wimbo wa pili nyuzi zikaanza kulegea na sauti kushuka. Nakaza, zinashuka. Nakaza tena, zinashuka tena. Mwimbaji akageuka kunitazama. Jua la pale kwenye bwawa la kuogelea ni kali, hakuna kivuli. Katikati ya wimbo wa tatu nikasikia mpasuko, na shingo ikanilegea mkononi. Nyuma, kutoka kichwani mpaka karibu na kati, mti ulikuwa umefunguka, na kile chuma nikakiona. Miaka yote niliyolishika sikuwahi kujua rangi yake.

Mpiga kinanda hakusimama. Aliteremsha mkono wake wa kushoto, akabonyeza, na besi ikaendelea. Hakukosea hata pigo moja. Wageni wakaendelea kula. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kaka, kwamba hakuna aliyeinua uso.

Meneja alinifuata jikoni, akanipa pole, na naamini pole ile ilikuwa ya kweli. Akasema, "Umejionea mwenyewe. Besi ipo." Kisha akaniambia kwa kuwa mimi ni mtu mzuri hatanifukuza, kuna nafasi kwa mpanga viti. Nikakubali. Basi kila mchana napanga viti vya bwawani, nakunja miavuli, na kile kinanda kinapiga besi mgongoni mwangu. Nasikiliza nikingoja kikosee. Hakikosei, wala hakichoki.

Gitaa nililipeleka kwa fundi wa milango, mzee wa mjini hapa, mkono wake hauna mfano katika kuchonga. Alilipindua, akapitisha ukucha kwenye ufa, akauliza nani aliyekaza namna hii. Nikasema ni mimi. Akaniambia aweza kutia gundi likarudi kuonekana gitaa, la kutundika ukutani, lakini nyuzi halitabeba tena. Nikamwomba alitazame tena. Akalitazama tena kwa ajili ya adabu tu, akanirudishia.

Karisa alipojua alikuja na gitaa lake begani, akaliweka kitandani kwangu. "Chukua la shingo fupi," akasema, "mkono wa kakako mgonjwa utalimudu. Mimi ndimi niliyekwambia uchemshe." Nilimwambia alichukue aondoke. Ndilo linalomlisha. Akaketi mlangoni, kisha akalichukua. Tangu hapo tukikutana tunasalimiana tu, hatuzungumzi nyuzi. Nimempoteza naye pia, na kosa ni langu, si lake.

Sitakuja Idi, kaka. Ningeweza kupata ruhusa, lakini siwezi kushuka garini mikono mitupu ukiwa umekaa pale barazani na vidole vyako viwili ukinitazama. Nalala nikikuona hivyo. Mama mwambie ni kazi, wageni wamejaa. Wewe unajua ukweli, na nadhani inatosha aujue mmoja.

Pamoja na barua hii utapokea kijifurushi kwa mkono wa Mzee Shee, muuza vitambaa, anayekuja huko harusini kwa mpwawe. Atavuka feri ya Kilifi na ya Likoni, na nimemwomba akishike mkononi asikitie kwenye mzigo. Ndani mna ule uzi mnene, wa nne, ambao sikuupika. Kwenye gitaa lako lote ndio uliobaki kama ulivyouacha. Pale ulipolika ndipo dole gumba lako lilipokaa, utapaona.

Unakumbuka ule ubao wa mlango wa bafu, ulioupigilia misumari miwili ukafunga waya wa breki ya baiskeli ya baba? Miezi sita ulinifanya niushike ule kabla ya kuniruhusu kugusa gitaa, na baba akapitiliza na baiskeli isiyo na breki hadi ndani ya duka la vitenge. Ulisema vidole vijue kwanza njia, sauti itakuja. Mwambie shemeji akutafutie ubao kama ule. Ufunge uzi huu, uushike kila siku kwa hivyo vidole viwili, na vile vingine labda vitaona wivu. Sina kingine cha kukuletea.

Nisalimie mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji Zuhura, na dada Mwanaisha na mumewe yule mvuvi wa maneno. Shangazi Tatu mwambie kanga alizoniagiza sijazisahau. Mpe salamu mzee Abdi fundi cherehani, aliyekuwa akituazima spika yake. Wote waombe wanikumbuke katika dua za Ramadhani, maana zangu mimi naona aibu kuzipeleka.

Jambo la mwisho ni juu ya uzi. Usimwachie mtu mwingine aufunge. Ukaze mwenyewe, kidogo kidogo, siku nyingi. Ukisikia ubao unalia, simama hapo hapo. Mimi nilisikia, sikusimama.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani.